Moshi Tuliofichana

Mwanangu Athumani,

Zamani tulipokuwa tukiandikiana barua, mtu alianza kwa kusema kwamba sisi huku wazima wa afya, wasiwasi ni kwako tu uliye mbali. Ya leo nimeshindwa kuianza hivyo. Wewe hujawa mbali, umelala chumba cha pili, nakusikia unavyojigeuza kitandani kama mtu anayeogopa kuachwa na gari. Na huo uzima wa sisi huku, kwa upande wangu, sina hakika nao. Basi salamu tutapeana asubuhi, utanipa shikamoo yako nami nitaiitikia, halafu nitakutilia karatasi hizi mkononi na kukuomba uzisome ukishapita Kigombe, wakati ambapo hutaweza tena kushuka ukanijia juu.

Mambo ya safari sina la kuongeza. Blanketi, dawa ya tumbo, kutolala mlango wazi, mama yako ameyasema yote tangu juzi na mengine ameyarudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimelizunguka wiki nzima, na leo kutwa nimekuwa nikikuita, ukija nakutuma maji. Najua umejiuliza mzee huyu leo ana kiu ya namna gani.

Jambo lenyewe ni kwamba najua unavuta sigara.

Usione haya. Au ona kidogo tu, kisha uendelee kusoma. Mtu ambaye hana jino bovu hatafuni karafuu kila akirudi nyumbani magharibi. Sisi wakati wetu tulitafuna majani ya mpera, na marehemu babu yako alikuwa akisema mbele ya watu kwamba mbuzi wake wanakonda siku hizi, yuko mwengine anayewamalizia majani. Watu wanacheka, nami nacheka nao, kijasho kinanitoka. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua, na hatukuzungumza habari hiyo mpaka alipoingia kaburini. Ndivyo tulivyolelewa huku. Mtoto havuti mbele ya mzee wake, na mzee hamuulizi mtoto asije akamvua stara. Tunaiita heshima, na mimi nimeipenda heshima hiyo kuliko ninavyoweza kukueleza.

Nikupe mfano, maana bila mfano utasema baba anapamba maneno. Siku ile ya Idi, nyuma ya duka, ulikuwa na wenzako wawili. Nilipokata kona ukaifumba sigara kiganjani. Moshi niliuona ukipenya vidoleni. Mzee mwenye huruma angepita zake. Mimi nilisimama. Nikakuuliza habari za ua wa nyuma, nani ameegemeza baiskeli pale, mbona miti imelala. Wewe ukawa unaitikia, "Naam baba. Ndiyo baba. Nitautazama baba." Macho yamekutoka, mkono umeubana pajani. Nami nikaendelea na habari za ua, Athumani. Niliendelea makusudi. Na ninachoona vibaya kukwambia ni kwamba nilijivuna. Nilisema moyoni, huyu ndiye mtoto mwenye adabu, anaungua na hathubutu kunivunjia heshima. Jioni ukaja na kiganja kimevimba, ukasema umeshika sufuria ya pilau. Mama yako akakupaka asali. Mimi nikaomba niongezewe nyama.

Tangu siku ile sijatulia. Si kwa sababu ya kidonda, kidonda kilipona. Ni kwa sababu nilianza kujiuliza umeanza lini, na kila nikirudi nyuma nafika mahali pamoja, jikoni kwetu.

Ulikuwa hujang'oa meno ya utoto. Mimi na ami yako Mwinjuma tumerudi shambani, mvua ya vuli inapiga, kiberiti kimelowa. Nikaitoa sigara nikakwambia, "Athumani, kaniwashie." Ukakimbia, ukaiweka juu ya kaa ukaniletea imeungua nusu. Nikakufokea. "Sigara haiwashwi kama kuni wewe! Ivute kidogo ishike, kisha uilete." Ukaenda tena. Safari hii ukaja nayo imeshika vizuri, machozi yanakutiririka, unakohoa mpaka unapinda mgongo. Mwinjuma akajipiga paja, "Mkwezi huyu! Moshi wa wakwezi umo kifuani mwake tayari!" Tukacheka hadi mama yako akatoka kutazama kuna nini. Baada ya siku chache ukawa hukohoi tena. Nikafurahi. Nilikuwa nawaambia watu barazani kwamba mwanangu hanipotezei sigara hata moja.

Hivyo ndivyo nilivyomwashia baba yangu, naye nadhani alimwashia wake. Hakuna aliyesema mtoto anavuta. Kuvuta ni mpaka ukae chini ujistareheshe, kuwasha kulikuwa kutumwa, na mtoto anayetumika ana baraka. Mdomo ule ule na moshi ule ule, lakini ukiwasha ni mtiifu na ukivuta ni mhuni. Nimeishi na hesabu hiyo miaka yote na sikuona kwamba haijumlishiki. Kwa hiyo ukiniuliza nani alikufundisha, usiwataje wenzako wa nyuma ya duka. Wao walikukuta unajua.

Mimi mwenyewe nilianzia juu ya mnazi. Kule kileleni ndiko mahali pekee kijana wa wakati ule alipoweza kukaa bila mzee wa kumwona. Unapanda vidato, unajipenyeza kati ya makuti, unaegemea kole, shina la kichala cha nazi, unawasha yako. Chini wanakungojea uangue nazi, wanadhani unachagua zilizokomaa. Nilijiona bwana wa dunia. Na ukishuka unapumua vizuri tu, kwa sababu una ujana, na ujana unalipia kila kitu kwa muda. Hapo ndipo mtu anapojidanganya. Nakuona na wewe unavyobeba magunia ya nazi kavu za mbata bila kutweta, nami najua unajiambia nini.

Sasa nikueleze ya Mwinjuma, kwa sababu yale uliyoyasikia si ya kweli, na mimi ndiye niliyeacha uyasikie hivyo.

Ulimwita ami ingawa hakuwa ndugu yangu wa damu. Tulikwea pamoja tangu ndevu hazijatuota. Alikuwa na kikohozi cha asubuhi, kama mimi, kama wakwezi wote waliovuta. Tulikuwa tunakiita jogoo, kwa kuwa kiliiamsha nyumba. Mwaka ule jogoo wake akawa anawika mchana, kisha usiku, na mwili ukawa unakwisha. Siku moja nafua nazi uani, akaja akakaa, akanifunulia leso. Ilikuwa na damu.

"Nambie kweli," akasema, "waionaje hii?"

Wakati ule shamba la Mzee Shekue, upande wa Mwera, lilikuwa limewekewa kago, dawa ile wanayoiweka wenye minazi ili mwizi adhurike. Nazi zilikuwa zimeibwa, na mwenye kago alitangaza kwamba aliyezichukua atakohoa mpaka aseme. Mwinjuma ndiye aliyekuwa mkwezi wa shamba lile. Mkwezi anayekohoa damu, msimu ule, unajua watu wangesema nini. Na walikuwa wameshaanza kusema.

"Sikuchukua hata kidaka cha nazi," akaniambia.

"Najua."

"Basi nifanyeje?"

Athumani, mtu huyu aliniuliza mimi. Hakumuuliza mwengine. Nami nikamjibu, "Kubali. Ukikubali watakufungua, utapona. Aibu itapita, roho ni yako." Nilikuwa naamini? Nusu naamini, nusu naogopa kufikiri jambo jingine. Sigara ilikuwa mdomoni mwangu wakati nasema.

Tukaenda kwa Mzee Shekue baada ya sala ya alasiri. Mwinjuma akakaa chini kwenye mkeka, mtu mzima mwenye mke na wana, akasema, "Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba radhi. Zile nazi nilichukua mimi." Mzee Shekue akasema, "Umefanya vyema kusema, mwanangu. Nimekusamehe." Akaitwa mwenye kago, akampa maji ya kunywa na ya kujipangusa kifua. Tulipokuwa tunarudi Mwinjuma alikuwa mwepesi, anapiga soga. Tukakaa kwenye gogo kupumzika. Nikatoa sigara moja, tukapokezana.

Kikohozi hakikwenda. Kazi ndiyo iliyokwenda, kwani nani atampa mwizi minazi yake? Kule zahanati walimpima makohozi wakifikiri ni kifua kikuu, wakaona sicho, wakamwambia aende Tanga akapigwe picha. Akakataa. Unajua kwa nini alikataa? Alinieleza mwenyewe. Alisema akienda Tanga watu watajua bado anakohoa, na wakijua bado anakohoa watasema kago haijamwachia, na kama haijamwachia maana yake aliiba zaidi ya alizozitaja. Ndiyo, akawa anakohoa ndani ya mto ili watu wasisikie. Alificha ugonjwa ili asionekane mwizi wa nazi ambazo hakuiba. Wazee wanasema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini huyu hakuwa mficha kwa kiburi, tulimfikisha huko sisi, na wa kwanza ni mimi.

Alipokubali kwenda alikuwa anabebwa. Daktari akaiweka picha kwenye taa akasema saratani ya mapafu, imeshatembea mpaka kwenye mifupa. Akauliza, "Alikuwa mvutaji?" Mkewe akasema ndiyo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kitanda, paketi mfukoni. Wakampeleka Dar, Dar wakamrudisha alale kwake. Siku ya kumzika, wakati tunatia udongo, nikamsikia mtu anamnong'oneza mwenzake, "Nazi za watu hizo." Ningeweza kugeuka nikasema pale pale mbele ya wote kwamba hakuiba, mimi ndiye niliyemwambia aseme. Sikugeuka. Kusema vile kungekuwa kusema pia kilichomuua, na kilichomuua nilikuwa nakihitaji baada ya mazishi.

Juzi nimekwenda kwa mjane wake. Sikutaka uondoke kabla sijafanya hilo, angalau hilo. Nikamweleza yote. Alikuwa anapeta mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwamba hakuiba nilijua, shemeji. Nililokuwa sijui ni nani aliyemwambia akubali." Kisha akaendelea kupeta mchele wake. Nilikaa kidogo, nikaaga.

Utauliza kwa nini sasa. Mbona miaka imepita, mzee leo ndio anakumbuka maiti? Hapa ndipo mkono unapokuwa mzito.

Baada ya masika nilipanda mnazi ule mrefu wa kisimani, ambao nimeupanda tangu sina mke. Nilipofika katikati pumzi ikakatika. Haikupungua, Athumani, ilikatika. Nikaukumbatia mnazi kama mtoto, macho yanaingia giza, chini wananiita, "Vipi huko?" Nikawajibu, "Hizi bado! Hazijakomaa!" Nikashuka polepole kidato kwa kidato, nikawaambia turudi mwezi ujao. Nazi zilikuwa zimekomaa tele. Mwezi uliofuata zilianguka zenyewe.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Mama yako akawa anapunguza suruali zangu kiuno, anasema namkondea makusudi majirani waseme hanipikii. Kisha nikaona damu kwenye mate, kidogo tu, nikajiambia nimejing'ata ulimi. Ukitaka kujua mtu mzima anavyoweza kuwa mjinga, mimi nilikuwa nautazama ulimi wangu kwenye kioo, natafuta kidonda, na nilipokikosa nikasema kimepona.

Wiki iliyopita niliposema naenda Tanga kuulizia bei ya mbata, nilikwenda hospitali. Daktari alikuwa binti, umri wa dada yako, ana adabu, ananiita baba. Akauliza, "Baba, unavuta?" Nikasema, "Nimeacha." Akautazama mfuko wa shati langu, paketi imetokeza kichwa. "Umeacha lini, baba?" Nikasema, "Leo." Hakucheka. Angecheka ningefarijika.

Picha imeonyesha doa, pafu la kulia, sehemu ya juu. Alinieleza bila kunificha na bila kunitisha, kwamba laweza kuwa kovu la zamani, laweza kuwa kifua kikuu, laweza kuwa hiyo nyengine. Wakachukua kipande kidogo kwa sindano, wamekipeleka kupimwa. Majibu ni wiki ijayo, utakuwa umeshafika mpakani. Nasubiri. Kusubiri huku sikukutakii. Naweza kuwa nafunga kuku, au natawadha, ghafla moyo unalipuka kama niliyesikia jina langu likiitwa, nikigeuka hakuna mtu.

Nilimuuliza pia habari zako, bila kukutaja. Nikasema, kwa mfano mtu ameanza utotoni, sasa ni kijana, je, ameshaharibika? Akasema si kila anayevuta hupata saratani, na wako wasiovuta wakaipata, lakini wengi wanaoletwa kwake na ugonjwa ule ni wavutaji, na kadiri mtu anavyovuta miaka mingi ndivyo anavyoikaribia. Akasema anayeacha angali kijana, hatari inapungua mwaka hadi mwaka. Haifutiki yote, ila inapungua sana. Nikamwomba aseme tena. Akasema tena. Hilo ndilo lililonirudisha nyumbani nikiwa natembea kwa miguu yangu.

Na bado, niwe mkweli, nilipokuwa kwenye kivuko narudi, nikawasha moja. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilitoka kwa daktari mwenye picha ya pafu langu, nikavuta. Nakwambia hili ili usije ukadhani nakuandikia kutoka mahali pa juu. Tangu siku ile sijagusa nyengine, na ndiyo maana leo nilikugombeza kwa ajili ya kandambili. Kandambili hazikuwa na kosa na wewe hukuwa na kosa. Ni mwili unaodai, nao unadai kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Mama yako amejua leo mchana. Nilipanga kumwambia ukishaondoka, lakini aliikuta bahasha ya hospitali chini ya godoro akitafuta soksi zako. Hakupiga kelele, na mama yako asipopiga kelele ujue mambo yameharibika.

"Bei ya mbata hii?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, na la Mwinjuma pia. Akakaa kitandani, soksi zako mapajani. Nikamwambia tusimwambie mtoto, msafiri hapewi habari nzito, atabeba mkosi njiani.

"Nani kasema?"

"Wazee wamesema."

"Wazee hao hao waliomwambia Mwinjuma akubali?" Akazikunja soksi, akazikunjua. "Mwambie, Baba Athumani. Mwambie na la sigara zake. Wadhani mimi sijui? Mashati nafua mimi."

Hapo ndipo nilipojua kuwa nyumba hii nzima tumefichana moshi, watu watatu, na kila mmoja anadhani ndiye pekee mwenye pua. Akaongeza jambo moja kabla hajatoka, akasema, "Na mimi niliyelala na moshi wako miaka yote hii, hukuniulizia kwa huyo daktari?" Sikumuulizia. Haikunijia kabisa. Nikirudi kwa majibu nitakwenda naye apigwe picha, na hofu ya picha yake naiona kubwa kuliko ya picha yangu.

Sasa tuje kwako. Dereva utakayekwenda naye namjua, mtu wa Muheza, mwema, mkarimu, mswalihina. Ndio maana nilikubali uwe utingo wake. Lakini anavuta, na madereva wa masafa wanavuta ili wasisinzie. Mtakuwa mnapanda Kitonga, injini inalia, baridi inaingia, atakutolea moja aseme, "Shika kijana, ya kuondoa usingizi." Hatakupa kwa ubaya. Atakupa kama baba, na hapo ndipo ninapoogopa. Nimekulea usimkatalie mkubwa wako. Nimekulea mpaka ukaungua mkono ukasema naam baba. Sasa nakupeleka kwa mkubwa mwengine mwenye paketi, nami nataka ukatae. Naona ni kama nimekufunga miguu kisha nakwambia kimbia.

Basi nitumie mimi. Mwambie, baba yangu ana doa kwenye pafu, ameniomba. Sema hivyo hivyo. Sijali akawasimulia watu wote wa Tunduma. Mwinjuma alificha kifua chake ili asitajwe vibaya. Mimi kifua changu kitangaze, kiwe ndiyo sababu yako mpaka utakapopata ya kwako mwenyewe.

Sikuapishi. Kiapo cha sigara nimeshakila mara nyingi, kila mwezi wa Ramadhani, na kila Idi nilikivunja kabla pilau haijaiva. Najua utaacha, utarudi, utaacha tena. Ninachotaka ni usirudi kwa siri. Siku utakayoshindwa, nipigie. Nipigie hapo hapo, inawaka, moshi umo mdomoni. Usiizime kwanza na usijitie adabu. Niambie, "Baba, navuta," kama unavyoniambia unakula. Sitafoka. Pengine nitakuuliza umefika wapi, mvua ipo, lori halijaharibika. Tutazungumza mpaka iishe. Kisha kesho yake tutaanza upya, wewe huko na mimi huku, kwa kuwa na mimi nitakuwa naanza upya kila siku.

Hiyo heshima niliyoipenda, Athumani, nakurudishia. Siitaki tena kwako. Nimemwona mtu aliyekufa nayo.

Majibu yakija mabaya nitakuambia siku ile ile, hutasikia kwa watu. Wala usikatize safari kwa ajili ya doa. Fanya kazi, wakati ukifika utaitwa, utarudi, utashika jeneza na wenzako, utashuka kaburini unipokee unilaze kwa ubavu wa kulia. Hilo haliniogopeshi sana. Kila baba huku ndilo analoomba, na mimi nimeliomba tangu siku uliyozaliwa.

Linaloniamsha ni kwamba mambo yaweza kwenda kinyume, nikabaki mimi hai na doa langu la kovu, mzee mkongwe, nimesimama juu, nikiwapokelea watu udongo wa kukufukia wewe, na kumbe pumzi ya kwanza ya moshi nilikutuma mimi. Nizike, mwanangu. Nakuomba sana, usije ukafa kabla hujanizika.

Baba yako,
Bakari